Mzito, Mrefu, Mchafu: Rekodi za Mizigo ya Ilala

Mwaka 2022 meli ya Tranquil Ace ilifunga gati Dar es Salaam ikiwa na magari zaidi ya 4,000, na wapiga picha wakajaa bandarini. Aprili 2024 ikaja MSC Adu-V, yenye urefu wa mita 294, wakajaa tena. Rekodi za namna hiyo tunazipenda: zina tani, zina mita, zina kiongozi wa kuhutubia. Mzigo ukishatoka getini na kuingia mjini, hakuna anayeuhesabu tena.

Na ukiingia mjini, mwingi unaingilia Ilala. Sensa ya 2022 iliikuta wilaya hii na watu 1,649,912, wengi kuliko wilaya nyingine yoyote ya Dar es Salaam. Ndani yake kuna Kariakoo, stesheni kongwe ya Reli ya Kati, stesheni mpya ya treni ya umeme, Buguruni na malori yake ya Barabara ya Mandela, na Pugu kule mji unakoanza kuachia mashamba. Anayetaka kujua kuhamisha vitu kunagharimu nini hapa nchini, kwa moshi, kwa jasho na kwa dizeli, aanzie hapa. Rekodi zifuatazo hazikuwahi kukatiwa utepe. Baadhi zina zaidi ya miaka mia, nyingine zinavunjwa kila asubuhi Mtaa wa Kongo.

Kifurushi kikubwa kuliko vyote

Kilikuwa meli nzima. Graf von Goetzen iliundwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, kisha ikafunguliwa kipande kwa kipande, ikatiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000 na kuletwa Dar es Salaam kwa bahari. Hapa masanduku yalipanda treni kwenda Kigoma. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar mwaka 1905, ikafika Ziwa Tanganyika mwaka 1914, mwendo wa kilometa 1,250 hivi. Huko meli iliunganishwa upya, ikashushwa majini Februari 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba.

Wakala wa forodha anayekosa usingizi kwa kontena moja lenye karatasi pungufu na afikirie masanduku 5,000 ambamo bamba moja likisahaulika Morogoro meli haielei. Kwa macho ya leo safari ile ilikuwa safi ajabu: bahari, reli, ziwa, bila kilometa moja ya lori. Tusimpe Mjerumani sifa asizostahili, malori yenyewe hayakuwapo.

Mafuta ghali kuliko yote

Kila aliyekulia Dar anajua kwamba Kariakoo ilikuwa kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wachache wameitazama kambi ile kama ilivyokuwa hasa, yaani kampuni ya uchukuzi. Mbung'o waliua ng'ombe na farasi, magari machache yaliyokuwapo yalizama kwenye matope, basi watu wapatao milioni moja wakabebeshwa vyakula na risasi katika vita vyote vya Afrika Mashariki upande wa Waingereza. Waliokufa, wengi wao kwa maradhi na kuchoka, wanakadiriwa kuzidi 95,000.

Hesabu ya mpagazi inatisha ukiifanya kwa kalamu. Alibeba kilo 25 hivi, na mgao wake wa chakula ulikuwa karibu kilo moja kwa siku. Kama alichobeba ni chakula, siku ya 25 alikuwa amekimaliza peke yake. Na kwa kuwa alitakiwa kurudi, safari yenye faida iliishia mapema zaidi, kabla ya siku ya 13. Kila chombo cha uchukuzi hula sehemu ya kile kinachobeba. Lori hula kwa dizeli, treni kwa umeme, na mpagazi aliula mzigo wenyewe, halafu njia ikamla yeye.

Kariakoo imewaweka kwenye ramani yake kwa namna ya pekee. Kuna Mtaa wa Nyamwezi, kabila lililotoa wapagazi mashuhuri wa misafara ya karne ya 19, na kuna Mtaa wa Livingstone, mtu ambaye wapagazi walimbeba hadi Bagamoyo akiwa maiti.

Mzigo mkimya kuliko wote

Huu huupishi barabarani wala huusikii honi. Rhodesia ya Ian Smith ilipojitangazia uhuru mwaka 1965, Zambia ilikatiwa njia ya mafuta, na malori yakaanza kubeba mapipa kutoka Dar kwenye barabara ya vumbi iliyoua madereva na magari mengi. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA lilikamilika, kilometa 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Tangu 2023 linapitisha dizeli iliyosafishwa badala ya mafuta ghafi. Kila lita inayopita humo ni lita ambayo haikupanda mlima Kitonga ndani ya lori la tangi, haikupinduka, haikumwagika mtoni. Bomba halina mvuto wa kupigiwa picha, labda ndiyo sababu linasahaulika kila panapotajwa uchukuzi safi.

Anguko kubwa kuliko yote, na jaribio jipya

Reli ya TAZARA ina kilometa 1,860, kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Wachina, Watanzania na Wazambia waliijenga kuanzia 1970, ikakabidhiwa 1976. Ilibuniwa kubeba tani milioni mbili kwa mwaka. Haijawahi kufika hapo: kilele chake kilikuwa karibu tani milioni 1.2, na katika mwaka wa fedha 2014/15 ilibeba chini ya tani 90,000. Hiyo haifiki asilimia tano ya uwezo wake.

Wachumi huisoma rekodi hiyo kama hasara ya shirika. Mimi naisoma kama moshi. Tofauti kati ya kilele na shimo ni tani milioni 1.1. Ukiipakia kwenye malori ya tani 28, unapata safari karibu 40,000 kwa mwaka, na malori ya Zambia na Kongo hupita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, ambako kilometa 50 za barabara kuu zimegeuka machinjio ya swala na nyani. Mwaka 2025 kampuni ya CCECC ya China ilisaini mkataba wa kuifufua reli hiyo kwa dola za Marekani bilioni 1.4. Kama tani zitarudi kwenye vyuma, Mikumi itakuwa ya kwanza kujua.

Upande wa pili wa mji kuna reli ya kisasa. Abiria walianza kusafiri kati ya Dar na Morogoro Juni 2024, Dodoma ikafuata Julai, na katikati ya 2025 mabehewa ya mizigo yakaanza kutoka Pugu. Mara nyingi husemwa kuwa ni reli ya kwanza ya umeme Afrika Mashariki. Tuwe waangalifu. Addis Ababa na Djibouti ziliunganishwa kwa treni ya umeme miaka kadhaa kabla. Ukitaja Jumuiya ya Afrika Mashariki peke yake, hapo sawa, maana ile ya Mombasa na Nairobi, iliyofunguliwa 2017, inatumia dizeli.

Umeme nao una asili yake. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, mitambo yake ilianza kuwashwa 2024, na gesi asilia bado inachangia sehemu kubwa ya gridi. Kwa hiyo treni si safi kama maji ya kisima, lakini iko mbali sana na dizeli. Udhaifu wake wa kuchekesha ulijitokeza mapema: katika wiki za mwanzo shirika la reli lilieleza kwamba kukwama kwa treni kulitokana na ngedere na bundi kugusa nyaya. Malori hayajawahi kusimamishwa na bundi.

Kilo safi kuliko zote, na dada yake mchafu

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayeagiza vifuniko vya simu kutoka Guangzhou ana njia mbili: mzigo wa maji au mzigo wa ndege. Wa maji hulipiwa kwa CBM, yaani meta ya ujazo, wa ndege kwa kilo, na kila fundi simu wa Mtaa wa Aggrey anajua bei za wiki hii bila kuangalia popote.

Kwa hewa ukaa tofauti ni hii. Meli ya makontena hutoa takriban gramu 10 kwa kila tani inayosafiri kilometa moja. Guangzhou hadi Dar kwa bahari ni kilometa 10,000 na ushei, hivyo tani moja inafika imechafua kilo 100 hivi. Ndege ya mizigo hutoa zaidi ya gramu 500 kwa kipimo hichohicho, na hata ukiipunguzia njia kwa kuwa angani hakuna kona, tani ileile inafika na zaidi ya tani nne za hewa ukaa. Mara 40 na zaidi, kwa kifuniko cha simu ambacho kitakaa dukani mwezi mzima.

Hapa nataka kumsifu mtu asiyesifiwa. Mfanyabiashara mdogo hawezi kujaza kontena la futi 40. Anachukua CBM moja, mwenzake mbili, mama wa vitenge tatu, wakala kule China anawakusanya na kontena linaondoka limejaa hadi dari. Makampuni makubwa ya Ulaya huajiri wataalamu na kununua programu za kompyuta ili kufikia ujazo huo. Kariakoo imeufikia kwa sababu hakuna mwenye hela ya kulipia nafasi tupu. Ni hivyo pia kwa mzigo wa basi. Boksi la vipuri linalokwenda Mwanza hulala chini ya miguu ya abiria, ndani ya gari ambalo lingekwenda Mwanza hata bila boksi. Hakuna dizeli nafuu kuliko hiyo.

Mafuta yenye salfa kuliko yote

Kwa ufupi. Tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ziliweka ukomo wa salfa katika dizeli kuwa sehemu 50 kwa milioni. Meli za baharini, baada ya dunia kubana kanuni Januari 2020, zinaruhusiwa asilimia 0.5, yaani sehemu 5,000. Kwa hiyo lori kuukuu unalolilaani Buguruni linachoma mafuta yenye salfa ndogo mara mia kuliko yanayoruhusiwa kwa meli iliyoleta mzigo wake. Kabla ya 2020 ilikuwa mara 700. Lori linabaki na makosa yake, masizi na pua chafu, ila kwa salfa tulikuwa tunamwonea.

Gunia zito kuliko yote

Lumbesa. Gunia limejaa, halafu linashonewa kichwa juu yake, likavishwa wavu, hata umbo linakuwa si la gunia tena. Sheria ya vipimo haitaki gunia la mazao lizidi kilo 100, Wakala wa Vipimo hukamata, na lumbesa hurudi kila msimu wa viazi na vitunguu. Hulaumiwa kwa kumpunja mkulima, na ni kweli. Ila ina mashtaka mengine mawili.

La kwanza ni mgongo wa kuli. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mtu mzima mwanamume asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Nenda Soko la Ilala alfajiri malori ya nyanya na viazi yanaposhusha, uone pendekezo hilo lilivyoheshimiwa.

La pili ni barabara. Lumbesa hufanya uzito halisi wa gari usijulikane mpaka mizani iseme, na mizani huwa tayari imechelewa. Majaribio ya barabara yaliyofanyika Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950 yalionyesha kwamba uharibifu wa lami hupanda kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ukizidisha asilimia 10 tu, barabara inaumia karibu asilimia 46 zaidi. Sheria ya Jumuiya ya kudhibiti uzito wa magari iliweka ukomo wa tani 56 kwa gari zima lenye mzigo, na mzani wa Vigwaza unausimamia. Lami iliyopasuka nayo ina hesabu yake ya mazingira: kokoto zivunjwe upya, lami ichemshwe upya, na foleni ya matengenezo iunguze dizeli ya kila mtu.

Chombo safi kuliko vyote, kikibeba mzigo mchafu kuliko yote

Ni baiskeli ya mkaa. Kwa miaka mingi waendeshaji wake wameteremka alfajiri kutoka Kisarawe na Pugu, magunia mawili au matatu nyuma, dereva akisukuma mlimani na kuning'inia mteremkoni. Haichomi tone la petroli. Kwenye jedwali lolote la uchukuzi wa kijani ingeshika namba moja.

Halafu fungua gunia. Katika tanuru la kienyeji kilo moja ya mkaa hula kilo sita au zaidi za kuni. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2009 kwamba Tanzania hutumia tani milioni moja za mkaa kwa mwaka, na nusu yake huishia Dar es Salaam. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, misitu ya pwani yenye mimea na ndege wasiopatikana kwingi duniani, imelipa sehemu ya deni hilo kwa kuwa iko karibu mno na majiko ya Ilala. Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ikilenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Ukitimia, mitungi ya gesi itapanda bodaboda na kirikuu zinazochoma petroli, na baiskeli itapoteza kazi. Uchukuzi utakuwa mchafu kidogo na mji utakuwa msafi zaidi. Anayepima chombo bila kufungua gunia hatayaona hayo.

Kilometa ndefu kuliko zote

Kutoka bandarini hadi Kariakoo ni karibu kiasi cha kutembea kwa miguu. Kontena limevuka bahari siku nyingi bila kusimama, kisha linafika makutano ya Msimbazi na Uhuru likakaa, injini ya lori inanguruma, utingo kashuka kwenda kununua maji.

Beda Amuli, msanifu wa soko kuu lililofunguliwa 1975, aliliona tatizo kabla halijakomaa. Chini ya mapaa yake yaliyokaa kama miavuli alichimba ghorofa ya chini ya ardhi, ile ambayo wachuuzi waliiita Shimoni, ili biashara isigombanie mtaa na watu. Soko liliungua Julai 2021 na ukarabati ukafuata, lakini hata Amuli hakubuni kwa ajili ya Kariakoo ya leo, ambamo kila jengo la ghorofa ni soko na kila ngazi ni ghala.

Kinachoutoa mzigo kwenye msongamano huo ni guta. Guta la kukanyaga, guta la injini linaloitwa toyo, mkokoteni wa magurudumu ya gari, na makuli wenye kata kichwani. Mipango ya jiji huwataja kama kero ya barabara. Mimi ningewataja kama teknolojia. Ulaya wanauza baiskeli za mizigo zenye matairi matatu kama ugunduzi wa kuokoa miji yao, wakati Mtaa wa Narung'ombe umezitumia miaka na miaka bila ruzuku. Guta linahitaji kitu kimoja tu ambacho halijawahi kupewa: njia yake.

Mapema mwaka 2025 jiji lilizindua biashara ya saa 24 Kariakoo. Wengi waliijadili kama habari ya taa, ulinzi na mapato. Kwa uchukuzi ni jambo kubwa kuliko hayo. Lori linaloshusha saa nane usiku linamaliza kazi haraka, halisimami na injini inayowaka, halizuii basi wala mgonjwa anayewahishwa hospitali. Kama duka litafunguliwa usiku kwa wateja lakini mzigo ukaendelea kushushwa saa tano asubuhi, itakuwa imebadilishwa saa ya kuuza tu.

Safari ya bure kuliko zote

Lori lenye tani 28 likitoka Dar kwenda Tunduma, karibu kilometa 930, tukilipa lita 45 kwa kila kilometa 100, litachoma lita 420 hivi. Kila lita ya dizeli hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa, kwa hiyo kila tani imebeba kilo 40. Likirudi tupu kwa lita 30 kila kilometa 100, linaongeza lita 280, na dhambi ya tani ileile inapanda hadi karibu kilo 67. Yaani lori tupu moja linaweza kuifanya Tunduma iwe na uzito wa theluthi mbili ya safari yote ya bahari kutoka China.

Njia ya Kongo na Zambia inajiokoa kwa kuwa shaba inateremka kuja bandarini. Njia za ndani hazina shaba. Zina mchele wa Mbarali, viazi vya Njombe, vitunguu, mbao, na zina dalali wa mizigo: yule bwana wa Ilala mwenye simu mbili, anayetukanwa na dereva kwa kukata chake na kutukanwa na mkulima kwa kuchelewesha gari. Akimpatia dereva tani 28 za kurudi nazo, mzunguko mzima unachoma lita 840 kwa tani 56. Hizo ni lita 15 kwa tani, badala ya 25. Hajawahi kualikwa kwenye kongamano lolote la tabianchi, na fedha yake huingia kwenye simu kabla lori halijafika Makambako.